Taya la Mama

Jioni walipoporwa, aliyechelewesha safari alikuwa Taratibu. Hilo hata yeye halikatai. Maabara ilikuwa imeshaanza kupigwa deki, wanafunzi wengine wametawanyika, na Chiriku amesimama mlangoni na mkoba begani, anakohoa makusudi.

"Shoga, hayo meno yameshang'aa. Ukiendelea kuyasugua yatakwisha, mama yako abaki kuvaa mng'aro."

"Dakika moja."

"Dakika yako moja naijua mimi. Ina watoto na wajukuu."

Taratibu alicheka bila kuinua kichwa. Jina hilo alipewa na Chiriku mwenyewe, siku za kwanza kabisa katika chuo hiki cha mafundi wa meno ya bandia, baada ya kumwona anapanga jino moja kwenye nta, analitoa, analipanga tena, mpaka mwalimu akawazimia taa. Na yeye akalipa kisasi. Mtu anayeongea tangu anapofumbua macho mpaka anapoyafumba, hata akiwa na mswaki mdomoni, utamwitaje kama si Chiriku? Hawakutoka nchi moja. Lakini katika darasa zima ni wao wawili tu waliojua Kiswahili, na ugenini hiyo inatosha kuwafanya watu ndugu. Walipanga chumba kimoja, wakagawana kabati moja, sufuria moja, na baridi moja iliyoingia kwa chini ya dirisha.

Mtihani wa mwisho wa chuo ulikuwa wa vitendo. Kila mwanafunzi alitakiwa kutengeneza meno kamili, ya juu na ya chini, kwa ajili ya mtu hai, siyo sanamu la darasani. Chiriku alikuwa akimtengenezea shangazi yake. Taratibu, mama yake mzazi. Likizo iliyopita alikwenda nyumbani na unga wa kuchukulia alama ya kinywa, akaukoroga na maji kwenye bakuli la jikoni, akamjaza mama yake mdomoni. Binti yake mdogo, ambaye analelewa na huyo bibi, alikuwa akirukaruka pembeni, "Bibi anakula saruji! Bibi anakula saruji!" Alama ilipoganda akaimiminia plasta, na plasta ilipokauka akalipata taya la mama: fizi za mama, mikunjo ya kaakaa la mama, mabonde yote ya kinywa kilichombembeleza alipokuwa mchanga. Akalifunga kwenye taulo, akasafiri nalo mapajani kama amebeba kichanga. Mtoto wake wa kweli alibaki mlangoni anapunga mkono.

Mama alianza kupoteza meno mapema. La mwisho lilitoka mwaka ule ule Taratibu alipojifungua, na tangu hapo hakucheka tena mbele za watu. Likija la kuchekesha huvuta ncha ya mtandio, akaziba mdomo, mabega yakacheka peke yake. Mjukuu alidhani mabibi wote ndivyo wanavyocheka, kwa mabega.

Basi Taratibu alikuwa na haki ya kusugua. Akasugua mpaka aliporidhika, akaweka taya na meno kwenye kisanduku, wakatoka.

Njia ya kuendea kituo cha basi ilipita chini ya reli, kwenye kishoroba cha saruji chenye taa iliyokuwa ikikonyeza badala ya kuwaka. Chiriku alitangulia hatua chache, anamwigiza mwalimu wao, yule waliyemwita Bi Miwani kwa sababu miwani yake iliishi kifuani, machoni ilikuja kutembea tu. Taratibu alimfuata, amekumbatia kisanduku na kukifunika kwa koti. Kumbe kukifunika ndiko kulikokiponza. Vijana wawili walishuka ngazi. Mmoja, mwenye kofia ya sufu iliyovutwa mpaka kwenye nyusi, alimziba njia.

"Kuna nini humo?" aliuliza kwa lugha ya nchi ile, na siyo ya vitabuni, ya mtaani, ya kumezameza maneno.

Lugha hiyo Taratibu aliimudu vizuri. Ana sikio. Chiriku yeye lugha ya darasani aliiambulia, mwalimu akisema polepole huku ananyoosha kidole, lakini mtu wa mtaani akifungua mdomo, yeye hubaki kukodoa macho. Sokoni, benki, kwa mwenye nyumba, Taratibu ndiye aliyekuwa mdomo wake.

Mkono wa yule kijana ukashika kisanduku. Ukavuta.

Na Taratibu akasema. Hakupanga, hakuwaza, maneno yalimtoka kama chafya. Aliyasema kwa lugha ya yule kijana, safi kabisa, hata matamshi hayakumpiga chenga.

"Humu hamna kitu. Mwenye kompyuta ni yule."

Akaonyesha kwa kidevu.

Mkono ukaachia kisanduku.

Chiriku hakuwa mtu wa kuachia. Alishikilia mkanda wa mkoba kwa mikono miwili, anawatukana kwa Kiswahili, wao na ukoo wao, na wao wasijue wanatukanwa nini. Wakamburuta. Akaanguka, akaangukia mkono, na Taratibu akasikia kitu kikilia kama kijiti kinachovunjika. Kisha vijana wale hawakuwapo, wala mkoba haukuwapo, na ndani ya mkoba kompyuta, na chini ya kompyuta kisanduku kama chake, chenye taya la shangazi na meno yake.

"Umeumia? Chiriku, umeumia?"

"Niinue kwanza, maswali baadaye." Alikuwa anahema, ameshika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto. "Washenzi wale. Meno ya shangazi yangu! Wanakwenda kuyafanyia nini, wakaume nani?" Akacheka, akalia, akacheka tena. Halafu akamtazama Taratibu. "Lakini wewe! Nilikusikia unawasemesha. Uliwaambia nini hata yule akakuachia?"

Hapo, chini ya taa inayokonyeza, palikuwa na nafasi ya kusema. Nafasi ndogo, kama ya kupitishia uzi.

"Niliwaambia watuache."

"Yaani umesimama unabishana na majambazi kwa lugha yao! Shoga, mimi ningekuwa wewe ningeshavuka mpaka."

* * *

Mkono haukuvunjika, uliteguka. Daktari aliufunga bendeji kuanzia vidoleni mpaka karibu na kiwiko, akakataza usifanyishwe kazi. Mkono wenyewe wa kulia, mkono wa kupangia meno.

Darasani Chiriku alisimulia kwa lugha yake ya vipandevipande na kwa mkono uliobaki. Kila aliposimulia, Taratibu alizidi kurefuka. Mwanzo alikuwa amewaambia watuache. Baadaye akawa amewafokea. Mpaka wiki inakaribia katikati, alikuwa amesimama kati ya Chiriku na majambazi, mikono ameitandaza. Wanafunzi wakampigia makofi. Bi Miwani akaja mpaka kwenye meza yake, akamminya bega, akasema wanafunzi wa namna hii wamekuwa adimu. Taratibu alitazama chini, na wao wakaona hata kujisifu hajui.

Mama naye alipata habari, maana Chiriku alimpigia simu kumsimulia mwenyewe.

"Nimesikia, mwanangu," mama alisema baadaye. Kwenye simu meno yasiyokuwapo yalikuwa yakipuliza kila neno. "Nimesikia ulivyomsimamia mwenzako. Nimewaambia majirani. Nikasema, huyo nimemzaa mimi."

"Mama, siyo hivyo walivyo…"

"Mwache mtoto aongee na mamaye," mama akakatiza, na sauti ndogo ikaingia: "Mama, uliwapiga wezi?"

"Hapana, mwanangu. Sikuwapiga."

"Ukiwaona tena uwapige."

Kila alipofungua kisanduku, meno ya mama yalikuwa pale pale, meupe, yamebanana, yamefumbana sawasawa, kama mtu aliyeamua kutosema. Kazi nzuri. Hata yeye aliiona ni nzuri. Na kila alipoitazama, alikuwa anaiona bei yake ikitembea chumbani na bendeji, inajaribu kufunga vifungo kwa mkono mmoja, inaimba.

Bi Miwani alimwita Chiriku pembeni, na Taratibu akaitwa atafsiri. Habari yenyewe ilikuwa hivi. Meno yaliyopotea hayana dawa, ila mtihani haujafika. Akipata taya jingine la mtu hai aanze upya, hata kwa mkono huo, atavumiliwa kwa muda siyo kwa ubora. Asipopata, atarudia mwaka. Wagonjwa wa kliniki ya chuo walishagawiwa wote. Shangazi yuko mbali, na huko kwao wa kumchukua alama nyingine hayupo. Na kurudia mwaka, kwa Chiriku, maana yake ni kurudi nyumbani mikono mitupu. Waliomsomesha walikubali mwaka huu, basi.

Taratibu alitafsiri yote. Na huku anatafsiri alikuwa akijua kwamba taya lipo. La mama yake. Taya la plasta linanakilika: unalizamisha kwenye ute mzito, unaacha ugande, unamimina plasta nyingine. Kazi ya alasiri moja. Alikuwa na neno hilo kwenye ncha ya ulimi, na hakulisema, kwa sababu alimjua Chiriku. Angemkumbatia. Angemshukuru mbele ya watu. Na Taratibu asingeweza tena kubeba shukrani nyingine, alizokwisha kupewa zilikuwa zinamkata mabega.

Akanyamaza. Alikuwa anamwibia mara ya pili, na safari hii hapakuwa na kijana mwenye kofia.

* * *

Kituo cha polisi kiliwapigia simu mwisho wa wiki. Mmoja wa wale vijana alikamatwa anajaribu kuuza kompyuta. Waje wamtambue.

Ofisi ilikuwa ndogo, ina birika la umeme juu ya kabati la mafaili na askari wa makamo aliyekuwa akichapa maelezo kwa kidole kimoja, kila herufi anaitafuta kama sindano. Kijana aliketishwa kwenye benchi. Bila kofia alikuwa na masikio makubwa na sura ya mtu ambaye bado anaitwa na mama yake aje kula.

"Mwenzako haelewi lugha yetu?" askari alimwuliza Taratibu.

"Kidogo tu."

"Basi utamtafsiria wewe. Neno kwa neno. Usiongeze, usipunguze."

Kijana aliulizwa kisanduku kiko wapi. Akajikuna sikio.

"Nilikifungua nikakuta meno yananicheka. Nikajua hapa nimeiba balaa. Nikayatupa kwenye mfereji, mvua ikayachukua."

Taratibu alitafsiri. Chiriku aliruka kwa kicheko mpaka kiti chake kikalia.

"Mwambie ni meno ya shangazi, hayajawahi kumwona mjinga yakanyamaza!"

Taratibu alitafsiri na hilo. Hata askari alitabasamu, na kijana naye akacheka, na labda ni kicheko hicho kilichomlegeza, maana aliinua uso, akamtazama Taratibu vizuri, akamkumbuka.

"Mimi hata huo mkoba sikuwa na habari nao," alimwambia askari. "Mimi nilitaka kisanduku cha huyu. Ni yeye aliyesema humu hamna kitu, mwenye kompyuta ni yule. Akamwonyesha. Mwulize."

Kidole cha askari kikasimama juu ya herufi.

"Ni kweli?"

Taratibu aligeuza macho kwenye birika.

"Basi mtafsirie mwenzako. Nataka kusikia anasemaje."

Birika lilikuwa linaanza kuchemka. Chiriku bado alikuwa na kicheko usoni, anafuta machozi kwa ncha ya bendeji. "Anasemaje tena huyo masikio? Mbona umekuwa hivyo? Amekutukana?"

Katika chumba kile chote hapakuwa na mtu mwingine wa kujua Kiswahili. Angeweza kusema lolote. Angeweza kusema anaomba radhi, na Chiriku, kwa moyo wake ulivyo, angemsamehe kijana papo hapo na kumwuliza kama amekula. Hakuna ambaye angejua. Askari angechapa, kijana angepelekwa, na wao wangerudi kwenye chumba chao na sufuria yao. Taratibu aliutazama ule mkono uliofungwa. Vidole vilivyotokeza kwenye bendeji vilikuwa vimevimba, kucha zimechafuka plasta, kwani Chiriku alikuwa akijifunza kwa siri kutumia mkono wa kushoto, na wa kulia alikuwa akiutumia kushikilia.

"Anasema," alianza, na sauti ikatoka nyembamba kama ya bintiye. "Anasema yeye alitaka kisanduku changu. Mimi ndiye niliyemwambia… niliyemwambia humu hamna kitu. Mwenye kompyuta ni yule. Nikakuonyesha."

Kicheko kilibaki kidogo usoni pa Chiriku, kama mgeni ambaye hajaambiwa shughuli imekwisha.

"Rudia."

Akarudia.

"Anasingizia."

"Hasingizii."

"Kwa hiyo hukuwaambia watuache."

"Sikuwaambia."

Birika lilichemka, likajizima. Chiriku alitazama ukuta, akatazama mkono wake, kisha akamgeukia askari na kutoa neno mojawapo kati ya machache ya lugha ile aliyoyaweza bila msaada wa mtu.

"Andika."

* * *

Hujajua kimya mpaka Chiriku akunyamazie. Chumba kilikuwa kile kile, lakini sasa ungeweza kusikia bomba likidondosha, mlango wa jirani, nguo zikikauka. Chiriku aligawa kabati upya bila kusema. Mstari ukawapo ingawa haukuchorwa. Taratibu akimkunjia nguo, yeye huzikunjua, akazikunja tena kwa mkono wake mmoja, vibaya. Taratibu akimwachia chai, itapoa hapo hapo mpaka ifanye utando.

Alimwomba radhi. Alimwomba mlangoni, alimwomba jikoni. Chiriku alimsikiliza mpaka mwisho mara moja tu.

"Ungeniambia siku ile," alisema. "Pale chini, nimeketi kwenye maji machafu. Ungesema, Chiriku, nimeogopa, nimekutaja. Ningekutukana usiku kucha, asubuhi tungekunywa chai. Lakini umeniacha nikuimbie darasa zima. Nimempigia mama yako! Umenifanya zuzu, Taratibu."

Ilikuwa kweli, tena imesemwa kwa upole, na upole ndio uliochoma.

Kilichobaki ni kumwambia mama. Alitoka nje kwenye ngazi za jengo, akakaa na koti lake, akapiga. Alisema yote kwa mkupuo mmoja, akiogopa akivuta pumzi atarudi nyuma. Upande wa pili alisikia mwanawe akiburuta kiti.

"Kwa ajili ya meno?" mama aliuliza hatimaye.

"Ya kwako, mama. Nilikuwa nimekufikiria wewe."

"Usinitie mimi humo." Mama hakupaza sauti, na hakuhitaji. "Mimi nimekula uji miaka yote hii, nani ameniona nimekufa? Mdomo wangu umekutuma ukamwonyeshe mtoto wa mwenzangu kwa wezi?"

"Hapana."

"Na mimi nimeshatangaza mtaa mzima. Nitazunguka nyumba zile zile. Nitasema nilidanganywa."

"Mama…"

"Huyo binti mtihani wake umekuwaje?"

Taratibu akamweleza, taya na mwaka na mikono mitupu. Akamweleza na kuhusu kunakili, na kwamba alijua, na kwamba alinyamaza. Mama alivuta pumzi ndefu kama mtu anayejitwika ndoo.

"Hilo taya ni la nani?"

"La kwako."

"Basi mimi nimempa. Siyo wewe, mimi. Mpe hiyo simu."

Alipanda ngazi. Chiriku alikuwa kitandani, uso ukutani. Taratibu alimwekea simu karibu na mto.

"Ni mama. Anakutaka wewe."

Mama wa mtu huwezi kumnyamazia. Chiriku alikaa kitako, akaweka sawa hijabu isiyokuwapo, akaitika: "Shikamoo, mama." Taratibu akatoka, akafunga mlango, akakaa kwenye korido na mgongo ukutani. Walizungumza sana. Kwanza Chiriku alikuwa mtu wa "ndiyo, mama" na "hapana, mama". Kisha akalia kidogo. Halafu, Taratibu hakuamini masikio yake, kikapenya chini ya mlango kicheko, kimoja, cha kuvizia, na sauti ya Chiriku ikiuliza kitu kwa shauku, "Eti? Mkubwa kiasi gani?" Hakusikia jibu. Hakujua wanaongelea nini, na kwa mara ya kwanza alionja yanayompata mtu anayebaki nje ya lugha.

* * *

Alasiri iliyofuata Taratibu alinakili taya la mama, akaliweka juu ya meza ya Chiriku maabarani, akarudi kwenye nafasi yake bila kungoja. Chiriku alilichukua. Akalipitishia kidole kwenye fizi, polepole, akifuata mabonde. Akaanza kazi.

Alipanga kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukishikilia. Jino lilianguka, akaliokota. Nta iliungua, akakwangua. Alikuwa na namna moja tu ya kuzungumza na Taratibu siku hizo. Akizidiwa, alisema, "Shika," bila kutazama, na Taratibu alikuja akashika moto, au kibano, au ncha ya nta, alichoambiwa tu, mpaka aliposikia, "Basi." Shika, basi. Kwa maneno hayo mawili walifika siku ya mtihani.

Siku hiyo Bi Miwani alivaa miwani. Alichukua kazi ya Taratibu, akaigeuza kwenye mwanga, akaifungua na kuifumba, akaitikia kwa kichwa. Kisha akachukua ya Chiriku. Akaisogeza karibu. Akakunja uso.

"Hapa mbele pana nafasi. Kati ya meno mawili ya juu. Umekosea vipimo?"

Chiriku alielewa kidole hata kabla ya maneno. Akamgeukia Taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu kituo cha polisi akamtazama machoni.

"Mwambie hivi. Usiongeze, usipunguze." Akasafisha koo. "Mwenye mdomo huu alikuwa na mwanya. Kwetu sisi huo siyo kasoro, ni pambo. Msichana mwenye mwanya hucheka hata pasipo na cha kuchekesha, ili uonekane. Mama huyu aliringa nao ujana wake wote, ulikwenda na meno, na hakuna aliyemwuliza. Mimi nilimwuliza. Nimemrudishia."

Taratibu alitafsiri. Neno kwa neno. Alipofika kwenye "hakuna aliyemwuliza" alimtazama Chiriku, akalisema nalo.

Bi Miwani alimtazama juu ya miwani. "Taya ni lile lile la kwako. Si ni mama yako mzazi? Wewe mbona hukuuweka?"

"Sikumwuliza," Taratibu alisema.

Hilo alilisema kwa lugha ya mwalimu. Kisha akalirudia kwa Kiswahili, ingawa hakuna aliyemwambia atafsiri.

Walifaulu wote wawili. Siku ya kuagana, kituo cha basi kimejaa masanduku, Chiriku alimkabidhi kisanduku.

"Ya mama hayo. Mwambie asianze na mifupa."

"Chiriku. Nimekukosea. Sijui niseme nini zaidi."

Chiriku alikunja na kukunjua vidole vya mkono wa kulia. Vilikuwa vinarudi, ila kimoja kilibaki kigumu. "Usiseme zaidi. Nikikuangalia bado nakisikia kile kishoroba. Sijui kitanyamaza lini." Basi lake lilikuwa linapiga honi. "Ukifika, nitumie video. Ya mama, akicheka."

* * *

Mama alijaribu meno ya Taratibu kwanza, kwa heshima. Aliyavaa, akafumba, akafumbua, akayasukuma kwa ulimi.

"Mazuri," alisema. "Mazuri sana. Nimekuwa kama mwalimu mkuu."

Kisha akavaa ya Chiriku. Akaenda kwenye kioo kidogo cha mlangoni, akakaa mbele yake muda, mgongo umewageukia. Mjukuu akachoka kungoja, akapita chini ya mkono wake, akatazama juu.

"Bibi ana dirisha!"

Na mama akacheka. Mkono ulikwenda kwenye ncha ya mtandio kwa mazoea, ukafika nusu ya njia, ukashuka. Alicheka mdomo wazi, mwanya unaonekana, akawa mtu ambaye Taratibu alikuwa amemsahau, kijana, mwenye maringo kidogo. Taratibu alikuwa ameshika simu anarekodi. Video ilitoka inayumba. Akaituma hivyo hivyo.

Jibu lilikuja kabla chai haijapoa, kwa sauti, na lilikuwa refu kama kawaida ya Chiriku: mama umependeza, mama usilale nayo, mama mwambie mjukuu wako dirisha halifungwi, mama wanaume wa mtaa wajihadhari. Mwishoni Chiriku aliacha kucheka. "Na Taratibu yupo hapo?" Pakapita kimya, cha kuvuta pumzi na kuiachia. "Mwambie nimeiona."

Taratibu aliirudia sehemu hiyo mpaka mwanawe akalalamika. Maneno aliyaelewa. Kile kimya ndicho alichokuwa akikisikiliza, akijaribu kupima kina cha baridi yake, na mara nyingine alidhani amesikia kimepungua.

Meno aliyoyaokoa yeye yako kwenye glasi, juu ya kabati. Mama huyaita ya akiba. Siku moja mtoto aliuliza hayo ni ya nani, mbona hayavaliwi, na Taratibu akamkalisha mapajani, akaanza kumsimulia, kwa maneno ambayo mtoto anaweza kuyabeba, habari ya kishoroba na taa inayokonyeza. Hakuongeza. Hakupunguza. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, huinua glasi ile na kuibadilishia maji.